Kahawa ya espreso: tusome pakiti kabla ya kusifu jina

Miongoni mwa mambo yanayozua ubishi katika vyumba vya walimu siku hizi, ukiondoa mishahara na mtaala, ni kahawa. Hapa Mautuma, katika kaunti ya Kakamega, ambako chai ya maziwa imetawala tangu mashamba ya walowezi yagawanywe katika miaka ya 1960, wamezuka walimu vijana wenye birika ndogo za kupikia espreso nyumbani. Swali lao ni moja tu: tununue kahawa ya kampuni gani? Mmoja huapa kwa Lavazza, wa pili kwa illy, wa tatu hataki kusikia jina lolote isipokuwa Dormans. Wa nne, ambaye hana birika, hukoroga Nescafé yake na kuwacheka wote.

Ubishi huo una uzito kuliko wengi wanavyodhani, ila umeanzia pasipofaa. Espreso si aina ya kahawa. Hakuna mbuni duniani unaozaa espreso. Hiyo ni njia ya kupika, iliyobuniwa na Waitaliano mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: maji ya moto husukumwa kupitia unga laini wa kahawa, kwa kanieneo iliyo mara tisa ya ile ya hewa, kwa muda wa nusu dakika hivi. Birika ya moka, ambayo Alfonso Bialetti aliitoa mwaka 1933 na ambayo ndiyo walimu wetu wanayo, haifikii hata mara mbili. Kwa hivyo neno espreso likichapishwa kwenye pakiti, maana yake ni kwamba aliyekaanga na kusaga alikuwa na mtambo huo mkubwa akilini. Mwenye moka akinunua unga uliosagwa laini kama poda, hupata kinywaji kichungu na kichujio kilichoziba, kisha hulaumu kampuni. Swali la kwanza, basi, ni hili: unga huu umesagwa kwa ajili ya chombo gani?

La pili ni mchanganyiko. Pakiti nyekundu ya Lavazza, ile Qualità Rossa, ina arabika na robusta pamoja. Illy ni arabika tupu. Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, ina uchungu zaidi, na huleta lile povu la rangi ya dhahabu ambalo Waitaliano hulienzi. Kahawa ya Kenya, kwa upande wake, ni arabika karibu yote, na ile ya SL28 na SL34, aina zilizoteuliwa katika maabara ya Scott miaka ya 1930, ina uchachu mkali unaosifiwa ng'ambo. Uchachu huo ukipita katika moka bila kukaangwa vya kutosha, mnywaji hukunja uso kama aliyelamba ndimu. Si kwamba kahawa yetu ni duni. Imekaangwa kwa ajili ya mnywaji mwingine.

Nami nasema wazi: anayetia maziwa mengi, kama tufanyavyo sisi watu wa magharibi, atafaidika na robusta kidogo. Lakini robusta hiyo haina haja ya kuzungukia Torino ndipo itufikie. Mbuni wa robusta huota wenyewe katika misitu ya Uganda, na Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni kabla ya mzungu yeyote kuwafundisha kuinywa. Kutoka Bukoba hiyohiyo hutoka Africafé ya kiwanda cha Tanica, ambayo ni kahawa ya kukoroga na haifai moka, ila ni ushahidi kwamba kiwanda kinaweza kusimama karibu na shamba.

La tatu, ambalo kwangu lashinda yote, ni tarehe. Buni iliyokaangwa hutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa majuma kadhaa, na gesi hiyo ndiyo inayojenga povu. Harufu nayo huondoka pamoja nayo. Ikishasagwa, mambo huharakishwa mno. Pakiti iliyotoka Ulaya aghalabu huonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi tu, ambayo yaweza kuwa mwaka mzima au zaidi mbele, bila kutaja siku iliyokaangwa. Kopo zuri huchelewesha uharibifu, haliuzuii. Anayeagiza buni nzima kwa mkaangaji wa Nairobi au Eldoret, akazisaga kwa kinu cha mkono asubuhi ileile, atampita mwenye jina kubwa la Kiitaliano lililokaa rafuni tangu muhula uliopita.

Wako watakaosema: nunua ya Kenya, basi, maneno yaishe. Siafiki kwa wepesi huo. Uzalendo usiwe kisingizio cha kutuuzia unga uliopooza. Hata hivyo hoja yao ina kiini. Sehemu kubwa mno ya kahawa yetu huuzwa nje ikiwa mbichi, na kazi ya kuikaanga, kuisaga na kuitia jina, ambako faida hukaa, hufanywa na wengine. Mwendo mfupi kutoka hapa, wazazi wa baadhi ya wanafunzi wetu huchuma kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, Kimilili hadi Chesikaki, kisha husubiri malipo kwa miezi. Wazee watakumbuka Chepkube, ambako baada ya jalidi ya Brazil ya mwaka 1975 kupandisha bei, magunia ya magendo kutoka Uganda yaliwatajirisha watu usiku mmoja. Hata hao matajiri wa Chepkube waliuza buni mbichi.

Shuleni mambo ni ya kusikitisha zaidi. Mwanafunzi wa kilimo atakuambia bila kusita kwamba Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, na kwamba daraja la AA hutangulia AB. Muulize ladha yake, atatazama dari. Wala hajaambiwa kwamba AA hupimwa kwanza kwa ukubwa wa punje, na kwamba punje ndogo yaweza kunyweka vizuri kuliko kubwa. Mwalimu mwenye moka aibebe siku moja hadi darasani. Mwalimu wa fizikia naye atapata lake la kueleza, maana katika mwinuko wetu huu maji huchemka yapata nyuzi 94 tu. Na asiye na birika awaige watu wa Lamu na Mombasa, ambao kwa dele, makaa na tangawizi hupika kahawa chungu isiyohitaji mtambo wowote.

Kwa wanaoniuliza chaguo langu: buni nzima za Kenya zilizokaangwa hadi kukaribia weusi, sehemu tatu, na robusta ya Uganda sehemu moja. Jina la kampuni hulisoma mwisho, baada ya tarehe ya kukaangwa na jina la mahali ilikolimwa. Pakiti isiyo na hayo mawili naiacha dukani, iwe imetoka Trieste au Nairobi.