Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kiswahili Katika Usakinishaji wa Linux

Ni jambo lisilopingika kwamba wapo waliojitolea kukipa Kiswahili nafasi katika tarakilishi. Mnamo mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu huria za ofisini uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kutafsiri ni nusu ya safari. Swali tusilolijadili vya kutosha ni hili: nani huamua tafsiri imfikie mtumiaji?

Tuchukue mfano wa shule ya upili huko Butula, katika Kaunti ya Busia, iliyopata tarakilishi 40 zilizokwisha kutumika. Katika eneo hilo Kiswahili ndicho kiungo cha Mmarachi wa Bumala, Mteso wa Malaba na mchuuzi avukaye mpaka kutoka Uganda. Fundi akisakinisha Linux katika mashine mojamoja, atajibu maswali yale yale mara 40: lugha, majira ya saa, mgawanyo wa diski na programu zinazohitajika. Aghalabu atachagua Kiingereza. Si kwa kukidharau Kiswahili, bali kwa sababu ndilo jibu lililokwisha kuwekwa, na jua linakuchwa.

Dawa ya uchovu huo ipo. Red Hat ina Kickstart, na Debian ina preseed. Zote mbili ni faili za maandishi ya kawaida zenye majibu yaliyotayarishwa mapema. Msimamizi huiandika faili mara moja na kuiweka kwenye seva; mashine zikiwashwa, huisoma kupitia mtandao na kujisakinisha zenyewe. Katika Kickstart, lugha hutajwa kwa mstari mmoja tu: lang sw_KE.UTF-8. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, sera ya lugha inapotekelezwa au kufa.

Yamkini msomaji atapinga kwamba tafsiri hazijakamilika, na kwamba mtihani wa kitaifa wa somo la tarakilishi hufanywa kwa Kiingereza. Hoja hizo zina uzito, lakini hazizuii kitu. Ujumbe usiotafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza, na lugha zote mbili zaweza kusakinishwa pamoja, mwanafunzi akachagua aingiapo. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Kwa hivyo, vyama vyetu visiishie kwenye makongamano na orodha za istilahi. Tushirikiane na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, tutayarishe faili hiyo, tuhakiki istilahi zake, kisha tuikabidhi kwa mafundi wa shule; leseni huria inaruhusu inakiliwe bila malipo. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Na tarakilishi nayo huwa mbichi siku inaposakinishwa.