Kisanduku Kilichomkataa Mwenyewe

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tuketi juu ya jambo ambalo huenda limekwisha kuingia nyumbani mwako bila kubisha hodi. Nasema habari za ile ruta ndogo ya safari, kisanduku cha kugawa intaneti ambacho ukubwa wake haupiti viberiti viwili vilivyolazwa ubavu kwa ubavu. Wafanyabiashara wetu waendao Guangzhou hurudi navyo mizigoni, na Kariakoo havikosekani.

Jirani yangu, mfanyakazi wa zamu ya usiku, anacho kimoja. Kwake si mchezo. Bando moja la mwezi hupita humo na kugawanywa kwa watu sita: mama hupokea oda za maandazi, binti husoma, na bibi husikiliza sauti za wajukuu walio mbali. Kikifa kisanduku, nyumba nzima hungoja mwisho wa mwezi. Kiwanda chake sitakitaja. Kurasa zake zote ni za Kichina, na nywila ya mtandao haikubadilishwa tangu siku ya kununuliwa kwa sababu hapana aliyeweza kusoma pa kuibadilishia. Kijana wa nyumba hiyo, wa kidato cha nne, akataka kuiondoa programu iliyotoka nayo kiwandani na kutia programu huria. Kisanduku kikalikataa faili. Ndipo baba akaniuliza, "Mwenzangu, kitu hiki nimekinunua au nimekikodi?"

Swali hilo lina historia. Mwezi Desemba 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mwaka uliofuata wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, kazi ya mikono ya watu wengi iliyotolewa chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuitumia kazi, hata kuiuza, ila humtaka anayeisambaza ampe mpokeaji maandishi asilia ya programu. Linksys, ambayo mwaka huo huo wa 2003 ilinunuliwa na Cisco, ikayatoa maandishi hayo. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo huandika programu ya ruta za viwanda vingi na kuitoa bure.

Katika jamii ya visanduku vidogo, mashuhuri ni TL-WR703N ya TP-Link, iliyotoka mwaka 2011 kwa soko la China. Upande mmoja ni milimita 57, umeme wake ni volti 5 kama wa chaja ya simu, na ina mlango mmoja wa waya na mmoja wa USB. Hifadhi yake ni megabaiti 4 tu, na kumbukumbu megabaiti 32. Mwanzoni uliweza kutia OpenWrt kwa ukurasa ule ule wa kusasishia programu. Matoleo ya baadaye yakafunga mlango huo. Mafundi hawakulala: waligundua ufa, nao, ewe mzazi, ulikuwa katika ukurasa wa kuwadhibiti watoto! Wengine walikifungua kisanduku, wakachomelea nyaya tatu nyembamba kwa risasi, na wakati kinawaka wakaandika upesi herufi "tpl". Hapo kikasimama kusikiliza amri. Nyaya hizo ni za volti 3.3, na mwenye pupa akiziunganisha na volti 5 huweza kuiunguza.

Kwa nini viwanda hufunga? Sababu si uchoyo peke yake. Redio iliyomo humo inaweza kuamriwa ipaze nguvu kupita kipimo cha sheria. Marekani, Tume ya Mawasiliano ilitaka redio za gigahezi 5 zilindwe zisichezewe, na baadhi ya viwanda vikaona wepesi kukifunga chombo kizima. Mwaka 2016 TP-Link ililipa dola 200,000 kwa kuuza huko ruta ambazo mtumiaji aliweza kuzivusha kipimo. Lakini katika mapatano hayo hayo ilikubali kushirikiana na waandishi wa programu huria ili mwenye mali aweze kutia aitakayo. Nami naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki pande zote mbili. Kwa hiyo ukisha kutia OpenWrt, chagua nchi uliyomo. Kwetu alama ni TZ.

Turudi kwa jirani. Kijana alipata njia, akatia faili usiku baba akiwa kazini. Taa ikapepesa, ikatulia. Akatafuta jina la mtandao katika simu, hakuliona. Akachomoa, akachomeka, kimya. Alfajiri baba aliporudi alikuta nyumba inanong'ona kama yenye msiba. Kijana akaja mlangoni kwangu. "Shikamoo, Mzee. Nimekiua." Nikamwitikia marahaba, nikachukua waya wa mtandao ulioviringishwa kabatini tangu zama za kompyuta yangu ya kwanza, tukaenda. Tukaunganisha kisanduku na kompyuta kwa waya, tukaandika 192.168.1.1, na ukurasa ukafunguka mbele ya macho ya baba. Hakikufa. OpenWrt ikiingizwa upya huja na redio yake imezimwa, nayo haina nywila yoyote, ili mwenyewe aweke nywila kwanza ndipo aiwashe. Kijana alikuwa amesoma maelekezo nusu.

Hata hivyo nilimgombeza, kwani hakuwa amenakili kitu chochote kabla ya kuanza. Mwishoni mwa hifadhi ya vyombo vya aina hii kuna sehemu ndogo iitwayo ART, yenye vipimo vya redio ya kisanduku hicho hicho peke yake. Programu ya kiwandani aweza kupata nyingine. Vipimo hivyo vikifutwa, hakuna pa kuviokota. Wala hakuwa amelinganisha alama ya SHA256 ya faili na ile iliyotangazwa na mradi, kazi ya dakika moja inayoonyesha kama faili limefika zima.

Na wewe, msomaji, ufanye? Kama una kisanduku cha megabaiti 4 kwa 32, jua kwamba OpenWrt imeviacha vya kadiri hiyo: toleo lao la mwisho ni la kundi la 19.07, lililofika kikomo mwaka 2022, na matundu yatakayogunduliwa hayatazibwa. Hicho ni cha kujifunzia. Kwa nyumba yenye kutegemea, tafuta jina kamili na namba ya toleo chini ya kisanduku kabla ya kulipa fedha, uangalie kama kimo katika orodha ya mradi. Zipo pia ruta za safari, kama za GL.iNet ya Hong Kong, ambazo hutoka kiwandani zikiwa na programu iliyojengwa juu ya OpenWrt, bila kufuli la kuvunja.

Jirani amekwisha kuamua. Kisanduku cha zamani amepewa kijana, kikae mezani kwake. Kipya kinatafutwa, na mama ndiye atakayekaa na nywila.