Mhusika mdogo naye huumia

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliinua mkono darasani akaniuliza: "Mwalimu, mhusika aliyesema maneno machache tu katika kitabu kizima, nitaandika nini juu yake?" Wenzake waliangua kicheko. Nami, kama ilivyo ada yetu walimu wa fasihi, nilimpa jibu lililoiva zamani: huyo ni mhusika msaidizi, tena bapa, na kazi yake ni kumjenga mhusika mkuu. Aliandika, akaketi. Jibu lilifaa kwa mtihani, lakini halikuniridhisha mimi mwenyewe. Nilihisi nimemnyima kijana yule kitu alichostahili, ila sikujua ni kitu gani.

Mpenzi msomaji, kitu hicho nilikuja kukigundua pahali ambapo sikukitarajia kabisa. Nilikigundua katika mjadala wa mashabiki wa tamthilia ya runinga ya Kimarekani iitwayo The Flash, mjadala unaomhusu mtu ambaye hata jina lake watazamaji wengi hawalikumbuki.

Kwa faida ya wasioijua, tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 7 Oktoba 2014 na ikatamatika mwezi wa Mei 2023, baada ya misimu 9. Shujaa wake ni Barry Allen, kijana mtaalamu wa maabara ya polisi katika mji wa kubuni wa Central City, ambaye alipigwa na radi akapata uwezo wa kukimbia kwa kasi isiyo kifani. Mkubwa wake kazini ni Kapteni David Singh, aliyeigizwa na Patrick Sabongui. Katika msimu wa kwanza, kazi kubwa ya Singh ni kumkaripia Barry kwa kuchelewa kazini. Hiyo ni kejeli iliyokusudiwa na waandishi, kwani anayekaripiwa ndiye mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Singh ana mchumba wake aitwaye Rob, mwanamume mwenzake. Jambo hilo hutajwa kama linavyotajwa la mtu yeyote mwenye mchumba, bila mahubiri na bila kificho. Kisha kapteni hurudi kwenye faili zake.

Huenda msomaji akauliza: mjadala uko wapi hapo? Ili kulijibu swali hilo, yafaa turudi nyuma kidogo. Mashujaa wa aina hii walizaliwa katika vitabu vya katuni. Mwaka wa 1954 wachapishaji wa vitabu hivyo huko Marekani, wakihofia hasira ya wazazi na wanasiasa, walijiwekea kanuni kali za maadili. Miongoni mwa mambo yaliyopigwa marufuku ni kile kanuni ilichokiita upotovu wa kijinsia, hata kwa kudokezwa tu. Kipengele hicho hakikulegezwa hadi kanuni ziliporekebishwa mwaka wa 1989. Mwaka wa 1991, katika vitabu vyenyewe vya Flash, Hartley Rathaway, aliyewahi kuwa adui wa shujaa, alitamka kwamba yeye huwapenda wanaume. Mwaka uliofuata shujaa Northstar alitamka vivyo hivyo katika kitabu cha kampuni ya Marvel. Kwa hivyo mashabiki wanaomjadili Singh wametoka katika njaa ya miaka mingi. Mwenye njaa ya namna hiyo hutazama sahani kwa makini, na huuliza ikiwa alichopewa ni chakula au ni makombo.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kambi ya kwanza humsifu Singh kwa sababu ile ile ya udogo wake. Husema kwamba hatimaye wamempata mtu ambaye ni askari kwanza, mkali, mwenye heshima ya kazi yake, na ambaye mapenzi yake ni sehemu moja tu ya maisha yake. Hakuletwa ili achekwe wala ahurumiwe. Kambi ya pili husema kwamba huko ni kujiliwaza. Singh, wasema hao, aliwekwa pale ili waandishi wahesabiwe kuwa wametimiza wajibu. Rob haonekani ila kwa nadra, na nyumbani kwa kapteni hatujawahi kualikwa.

Nimezisikiliza kambi zote mbili, na naona kila moja inapima kwa kipimo ambacho hakitoshi. Zote zinahesabu. Moja yafurahi kwamba maneno ni machache, nyingine yanung'unika kwamba hayatoshi. Mimi nasema kwamba mhusika hapimwi kwa wingi wa maneno yake. Hupimwa kwa jambo hili: je, hadithi huyakumbuka yaliyompata?

Hebu tuitazame sehemu iliyoonyeshwa tarehe 17 Machi 2015, iitwayo Out of Time. Mhalifu Mark Mardon, mwenye uwezo wa kuiamuru hali ya hewa, anavamia kituo cha polisi akitaka kumuua mpelelezi Joe West, mlezi wa Barry, kulipiza kisasi cha ndugu yake. Singh anajitosa, anamwokoa Joe, na pigo linamwangukia yeye. Anakimbizwa hospitalini akiwa mahututi, na huko tunamkuta Rob akiwa na hofu ya mtu anayeweza kumpoteza mwenzake. Kwa dakika hizo chache Singh si bapa tena. Amechagua, amegharimika, na yuko mtu wa kumlilia. Mwandishi amemfanya mtu kamili kwa tendo moja.

Kisha je? Mwishoni mwa sehemu hiyo hiyo, Barry anakimbia kwa kasi ya ajabu kulizuia wimbi kubwa lisiuangamize mji, naye anajikuta amerudi nyuma siku nzima. Katika sehemu iliyofuata anamkamata Mardon kabla hajakivamia kituo. Pigo halikutokea. Rob hakuhofu. Singh anaendelea kumkaripia kijana wake, asijue kwamba katika siku iliyofutwa aliwahi kuutoa mwili wake kwa ajili ya rafiki. Wakati wake mkubwa kuliko wote katika msimu ule ulitolewa kwa mkono mmoja na kupokonywa kwa mkono wa pili.

Mtetezi wa tamthilia ataniambia: "Bwana mwandishi, ungependa alale kitandani? Kurudi kwa wakati kulimwokoa." La hasha, simtakii mabaya. Aidha, najua kwamba hakuwa peke yake aliyefutiwa. Katika sehemu hiyo hiyo kijana Cisco Ramon, rafiki wa Barry, aliuawa na mtu aliyemwamini kama baba, Harrison Wells, na kifo hicho pia kikafutika. Lakini tazama tofauti iliyopo. Wiki chache baadaye Cisco alianza kukiota kifo chake. Ndoto hizo zikawa ushahidi, na ushahidi huo ukasaidia kumfichua Wells. Hadithi ilikikumbuka kifo kilichofutwa, ikakijengea msuko wake. Jeraha la Singh hakuna aliyeliota. Hata Barry, aliyeyashuhudia yote, hatukumwona akimtazama mkubwa wake kwa jicho jipya, akijua mtu yule ni wa namna gani. Wote wawili walifutiwa, lakini mmoja alikumbukwa na mwingine akasahauliwa. Hicho ndicho kisa changu na tamthilia hii.

Wala sisemi kwamba waandishi walifanya hivyo kwa chuki. Mmoja wa waasisi wa tamthilia hiyo, Greg Berlanti, ni mtu asiyeficha kwamba yeye mwenyewe huwapenda wanaume, na amefanya mengi kuwapa watu wa aina yake nafasi katika runinga ya Marekani. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Mtu hahitaji kuwa na chuki ili amsahau mdogo. Yatosha kuwa na mazoea.

Wahakiki wa huko wamejaribu kuyapima mazoea hayo. Mwaka wa 2013 shirika la GLAAD la Marekani lilitangaza kipimo cha filamu kinachoitwa kwa jina la Vito Russo, mwanahistoria wa sinema aliyefariki mwaka wa 1990. Kina masharti matatu: awepo mhusika anayefahamika wazi kuwa wa kundi hilo, asiwe ameelezwa kwa jambo hilo peke yake, na awe amefungamana na kisa kiasi kwamba akiondolewa, kisa kitaharibika. Singh anayapita masharti mawili ya kwanza bila taabu. Sharti la tatu ndilo linalomkwaza. Mwondoe, na mahali pake aweza kuketi kapteni mwingine yeyote wa kufoka.

Lakini haki haina budi kutendwa pande zote, hata kwa waandishi. Tamthilia hii ilijua kukumbuka ilipotaka. Hartley Rathaway niliyemtaja aliletwa kwenye runinga mwezi wa Januari 2015 akiwa mhalifu mwenye kiburi, kijana aliyetengwa na wazazi wake matajiri kwa sababu ya mapenzi yake. Katika sehemu ya mwezi wa Machi 2016, Barry alipokwenda tena kuuvuruga wakati uliopita, alirudi akamkuta Hartley amekuwa rafiki, na amepatana na wazazi wake. Safari ile mabadiliko ya wakati hayakumnyang'anya mhusika mdogo. Yalimrudishia nyumba yake.

Na Singh mwenyewe hakuachwa mikono mitupu. Mwezi wa Mei 2019, msimu wa tano ulipofika tamati, alipandishwa cheo akawa mkuu wa polisi wa mji. Hapo ndipo alipomfunulia Barry kwamba alikuwa amekwisha kumtambua kuwa ndiye Flash. Miaka yote ile ya kumkaripia kijana kwa kuchelewa, alijua alikochelewa, akanyamaza. Ghafla tunalazimika kuirudia misimu yote kichwani na kumsoma upya mtu tuliyemdhania hana habari. Tamthilia haisemi kwa nini alijua kuitunza siri ya mwenzake. Mtazamaji anaachiwa afikiri mwenyewe. Mimi nilifikiri juu ya mtu ambaye huenda aliwahi kujua thamani ya kuachwa aseme habari zake mwenyewe, kwa wakati anaoutaka mwenyewe. Kwa mandhari moja fupi, mhusika bapa aligeuka duara.

Najua wako wasomaji ambao wamekwisha kukunja nyuso. Watasema kwamba sheria ya Kenya haiyaruhusu mapenzi ya jinsia moja, na kwamba Mahakama Kuu mnamo tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Watasema pia kwamba dini zao zina msimamo. Hayo nayafahamu, na safu hii haikuandikwa kuamua kesi hiyo. Lakini nauliza swali la mwalimu wa fasihi. Je, ni lazima kwanza tukubaliane na maisha ya mhusika ndipo tulione jeraha lake? Tumewasomesha vijana wetu habari za wezi, walevi, wazinzi na wauaji, tukawaambia: ingieni katika viatu vyao, elezeni kilichowasukuma. Hatukuogopa kwamba kumwelewa mwizi kutamfanya mwanafunzi aibe. Iweje basi tuogope kumwelewa kapteni wa polisi aliyemkinga rafiki yake, ati kwa sababu aliyemsubiri hospitalini anaitwa Rob?

Na kuna jambo zito zaidi ya mitihani. Katika darasa la wanafunzi hamsini, mwalimu hajui nani ameketi mbele yake. Yumo yatima, yumo mwenye baba mlevi, yumo anayeficha ugonjwa, na yumkini yumo kijana anayejihofia mwenyewe kwa jambo asiloweza kumwambia mtu. Wote hao hututazama tunavyowatendea wahusika wadogo. Tukicheka mhusika anayefanana nao, wanajifunza kwamba nao ni wa kuchekwa. Tukimpita kana kwamba hayuko, wanajifunza kwamba nao hawako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fasihi ni mojawapo ya njia chache za kukilalia kitanda cha mwingine kwa usiku mmoja.

Ni rai yangu, basi, kwa walimu wenzangu: mnapofundisha wahusika, msikomee kwenye sifa na umuhimu vilivyoorodheshwa katika miongozo. Ongezeni maswali mawili. La kwanza: mhusika huyu mdogo alipoteza nini? La pili: je, hadithi ililikumbuka hilo, au ilipita juu yake ikimkimbilia shujaa? Maswali hayo yanamfaa yaya aliyetajwa mara moja katika riwaya, bawabu aliyefungua lango katika tamthilia, na mke wa kwanza asiyepewa jina katika hadithi fupi. Nanyi wanafunzi, msidanganyike na wingi wa kurasa. Tafuteni mahali mwandishi aliposahau, kwa maana huko ndiko mtakakojua ni nani aliyemwona mtu na ni nani aliyemwona ngazi tu ya kupandia.

Kijana yule wa kidato cha tatu alikwisha kuhitimu, na sijui aliko. Lau ningempata leo, ningemwomba afute jibu nililompa. Ningemwambia: andika kwamba alisema maneno machache, lakini aliumia, na wewe ulimwona.