UCHANGANUZI: Mche mmoja chunguni wafichua ugumu wa kuhalalisha bangi

Nchini Ujerumani, mkulima wa bustani mwenye tahadhari hatoi miche yake nje kabla ya katikati ya mwezi Mei. Baridi kali ya usiku huweza kuua mche mchanga. Kwa sababu hiyo, mbegu husiwa katika vyungu vidogo karibu na dirisha mnamo Aprili, kisha miche huhamishiwa roshanini au bustanini jua linapopata nguvu.

Ndivyo nyanya na pilipili zilivyokuzwa huko kwa miaka mingi. Tangu Aprili 1, 2024, bangi nayo imeingia katika orodha hiyo kihalali.

Sheria iliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo Februari 2024 inamruhusu mtu mzima kukuza mimea isiyozidi mitatu nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Anaweza kuhifadhi nyumbani gramu 50 za bangi iliyokauka, na kubeba gramu 25 akiwa nje. Kuuza kungali kosa.

Kwa anayeitazama kwa mbali, sheria hiyo ni nyepesi kueleweka. Hata hivyo, chungu kile kilichowekwa roshanini kimezua maswali ambayo wabunge wa nchi yoyote inayowazia hatua kama hiyo hawana budi kuyajibu.

Swali la kwanza ni lini mche huwa mmea. Sheria ya Ujerumani inatenga mbegu na miche isiyo na maua kutoka kwa bangi yenyewe. Mkulima huanza na miche kadhaa akijua kwamba mingine itanyauka. Je, afisa wa polisi atakayebisha hodi na kukuta vyungu sita atahesabu nini?

La pili ni mavuno. Mimea mitatu iliyostawi juani yaweza kutoa zaidi ya gramu 50 zikishakauka. Kwa hivyo, mtu aliyetii sheria wakati wa kupanda anaweza kuivunja wakati wa kuvuna, asipoharibu ziada.

La tatu, na zito zaidi, ni watoto. Sheria inamtaka mwenye mimea aizuie isifikiwe na watoto. Roshani si kabati. Haifungwi kwa kufuli kwa urahisi.

Barani Afrika, Afrika Kusini ililifikia suala hili kwa njia nyingine. Mnamo Septemba 18, 2018, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kumwadhibu mtu mzima kwa kukuza bangi mahali pa faragha kwa matumizi yake binafsi kunakiuka haki ya faragha. Majaji hawakuifunga ruhusa hiyo ndani ya kuta za nyumba. Walitoa mfano wa bustani ya makazi, na kuacha nafasi kwa sehemu nyingine iwapo ni ya faragha. Sheria iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa mnamo Mei 2024 ilifuata mkondo huo.

Lakini faragha ina bei yake. Mwenye ua uliozungushiwa ukuta anayo tele. Anayeishi katika kibanda kilichobanana na vingine hana hata mahali pa kuweka chungu pasipoonekana na jirani.

Hapa Kenya, chungu hichohicho ni hatari kubwa. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inahesabu kusia mbegu na kutunza mmea kuwa sehemu ya kilimo cha bangi, wala haitaji idadi yoyote inayosamehewa. Anayepatikana na hatia anakabiliwa na faini ya Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea sokoni, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Mwenye ardhi aliyeruhusu kilimo hicho naye hasazwi.

Mjadala wa kulegeza sheria hiyo si mgeni. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, aliandaa mswada mwaka 2018, lakini aliaga dunia Julai 2019. Wafuasi wa Rastafari walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021. Naye George Wajackoyah aliahidi katika kampeni za urais za 2022 kwamba bangi ya kuuzwa nje ingelipa madeni ya taifa. Alipata chini ya asilimia moja ya kura.

Upande wa pili, NACADA imeshikilia kuwa kuhalalisha kutawafungulia vijana mlango wa uraibu.

Pande zote mbili zimezungumzia mashamba, mabilioni na maadili. Chungu hakijazungumziwa ipasavyo. Mpangaji wa chumba kimoja jijini Nairobi hushiriki ua, bomba la maji na kamba ya nguo na familia kumi. Ruhusa ya kupanda "mahali pa faragha" ingemfaa mkazi wa Karen kabla ya kumfaa yeye, huku polisi wakiendelea kumkamata yeye kwanza.

Hoja hii haiungi mkono wala kupinga bangi. Inadai tu kwamba sheria yoyote itakayoletwa ipimwe kwa mlango wa mpangaji huyo na kwa watoto wanaocheza mbele yake. Udongo uwahi ungali maji.