Mitindo ya Paris na Mavazi ya Mfaransa wa Kawaida

Sifa ya Wafaransa kuwa watu wanaojua kuvaa ilitokana na biashara iliyokulia katika mitaa michache ya Paris. Mwaka 1858 Charles Frederick Worth, mshonaji kutoka Uingereza, alifungua duka lake katika barabara ya rue de la Paix. Kabla yake, mwanamke tajiri alimwendea fundi na kumweleza mshono anaoutaka. Worth aligeuza utaratibu huo: alibuni mitindo mwenyewe, akawavisha wasichana wakapita nayo mbele ya wateja, na mteja akachagua. Miaka 10 baadaye washonaji wa daraja hilo waliunda chama chao, na tangu 1945 sheria inalinda jina la haute couture (ushonaji wa hali ya juu), lisitumiwe ila na nyumba zenye karakana Paris na zinazoshona kwa kipimo cha mteja. Wateja wa nguo hizo leo ni maelfu machache tu duniani kote, na wengi wao si Wafaransa.

Hata majina yaliyojenga sifa hiyo, mengi ni ya wageni. Balenciaga alitoka Hispania, Schiaparelli Italia, Lagerfeld Ujerumani, Kenzo Takada Japani na Azzedine Alaïa Tunisia. Kuwapokea na kuwapa mafundi hodari wa kutarizi, kukunja na kushona ni heshima kubwa ya Paris. Lakini heshima ya mji katika ufundi haielezi mwalimu wa shule ya msingi huko Limoges anavaa nini akienda kazini.

Pengo kati ya jukwaa na mtaa lilionekana waziwazi mwaka 1947. Februari mwaka huo Christian Dior alionyesha sketi ndefu zilizokula mita nyingi za kitambaa, wakati vita vimeisha juzi tu na kitambaa ni adimu. Baadaye wanamitindo waliovaa nguo hizo walipopelekwa kupigwa picha katika soko la rue Lepic, mtaa wa Montmartre, wanawake wa pale walimvamia mmoja wao, wakamvuta nywele na kumrarulia gauni. Vitabu vya mitindo vinaukumbuka mwaka ule kama ushindi wa Ufaransa. Wanawake wa rue Lepic nao walikuwa Wafaransa, tena walikuwa wametoka katika miaka ya kugeuza makoti ya zamani kuwa nguo za watoto. Historia ya mavazi ya taifa lao inawahusu zaidi kuliko inavyomhusu Dior.

Leo, anayepanda treni ya chini ya ardhi ya Paris asubuhi ya Januari atakuta suruali za jinzi, raba, makoti meusi yaliyojazwa manyoya, skafu shingoni na begi mgongoni. Rangi ni nyeusi, buluu iliyoiva na kijivu. Ni mavazi nadhifu na ya kawaida, yasiyotofautiana sana na ya Brussels au Frankfurt. Siku za harusi, mitaa ya Marseille hujaa nguo za shiromani za wanawake wa Kikomoro, na kitenge huuzwa kwa wingi Château Rouge, kaskazini mwa Paris. Hao pia ni Ufaransa, ingawa picha za matangazo huwasahau.

Mfaransa hasa anavalishwa na kaskazini ya nchi yake. Decathlon ilianzia karibu na Lille mwaka 1976, na Kiabi, duka la nguo za bei nafuu za familia nzima, lilianzia Roncq mwaka 1978. Eneo hilo ndilo lililokuwa na viwanda vya sufu vya Roubaix na Tourcoing. Viwanda vilipofungwa, kilichobaki ni maduka makubwa yanayouza nguo zilizoshonwa mbali. Kalenda ya ununuzi nayo hupangwa na serikali: punguzo la bei la majira ya baridi na la kiangazi huwa na tarehe rasmi, na kila moja huchukua wiki 4. Familia nyingi husubiri wiki hizo ndipo zinunue makoti na viatu vya watoto.

Vazi la Kifaransa lililotikisa siasa katika karne hii halikutoka katika nyumba yoyote ya mitindo. Mwaka 2008 serikali ilipowalazimisha madereva kuweka kizibao cha njano garini, Karl Lagerfeld alipigwa picha ya tangazo akiwa amekivaa juu ya suti yake, akikubali kwamba ni kibaya na hakiendani na chochote, ila kinaweza kuokoa maisha. Miaka 10 baadaye, tarehe 17 Novemba 2018, watu wa miji midogo na vijijini waliochoshwa na bei ya mafuta walikivaa kizibao hicho na kufunga mizunguko ya barabara, kisha wakaandamana hadi Champs-Élysées. Walichagua vazi ambalo kila mwenye gari alikuwa nalo, na dunia nzima ikawatambua kwalo.

Kuna wanaodai kwamba jukwaa humfundisha mtu wa mtaani kuvaa. Hoja hiyo ina ukweli kiasi: Wafaransa wengi hupenda rangi chache zinazopatana, na hukwepa kuonekana wamejipamba kupita kiasi. Lakini mikopo mikubwa zaidi ilitoka chini kwenda juu. Fulana ya mistari inayouzwa kama alama ya Paris ilikuwa sare ya mabaharia, iliyopangwa kwa amri ya jeshi la majini mwaka 1858, kabla Coco Chanel hajaichukua. Koti la buluu la wafanyakazi lilimvutia Bill Cunningham, mpiga picha wa mitindo wa New York, akawa analinunua katika duka kubwa la BHV mjini Paris na kulivaa kazini. Alaïa naye alitumia kitambaa cha miraba ya waridi na nyeupe cha Tati katika mavazi yake ya mwaka 1991. Tati lilikuwa duka la mtaa wa Barbès, Paris, lililofunguliwa mwaka 1948, ambako wahamiaji na wenye kipato kidogo walichambua marundo ya nguo za bei ya chini. Duka hilo la Barbès lilifungwa mwaka 2021, na wateja wake wakabaki bila mahali pa kununulia nguo za watoto kwa bei hiyo.

Walioichukua sifa ya Paris kwa dhati kuliko wengi wa Wafaransa ni wanasape, yaani watanashati wa Brazzaville na Kinshasa, waliopata nguvu kwa muziki na mavazi ya Papa Wemba. Fundi umeme wa Bacongo, mtaa wa Brazzaville, anayejinyima ili anunue suti moja nzuri anaishi ndoto ambayo mwenzake wa Lille haoni haja ya kuigharimia.

Suala la nani humvalisha Mfaransa wa kawaida sasa limefika bungeni. Novemba 2025 Shein, muuzaji wa mtandaoni mwenye asili ya China, alifungua duka ndani ya BHV. Waandamanaji walizomea mlangoni, na foleni ya wanunuzi ikawa ndefu. Bunge la Taifa lilikuwa limepitisha mswada wa kudhibiti nguo za aina hiyo Machi 2024, na Seneti ikaupitisha kwa marekebisho Juni 2025. Madhara yanayolalamikiwa ni ya kweli: nguo zinavaliwa mara chache, zinatupwa, na zilizochakaa zinaishia katika masoko ya Afrika. Wabunge wanaolaumu foleni ile kwa kuaibisha nchi ya mitindo wanakosea, kwa kuwa waliopanga foleni hawakuwahi kuvalishwa na nchi hiyo ya mitindo. Camaïeu, kampuni ya Roubaix iliyowavalisha wanawake wa kipato cha kati, ilifilisika Septemba 2022 na wafanyakazi wapatao 2,600 wakapoteza kazi. Sheria itakayopandisha bei ya nguo rahisi bila kujaza nafasi iliyoachwa na Tati na Camaïeu itamwumiza mama wa Roubaix, na nyumba za mitindo za Paris hazitalipa hata senti moja. Wabunge na waianze hesabu yao kwenye bei ya koti la mtoto wa darasa la kwanza.