Kuhamisha saa ya umeme: wakubwa waanze

Kila mangaribi, kati ya saa 18 na saa 22, Lubumbashi nzima inahitaji umeme kwa mara moja. Banamama banapika bukari, watoto wanasoma, salooni ziko na wateja. Umeme hautoshi, basi wanakata. Katuba, Ruashi, Kampemba, Kenya: kila mutu na zamu yake ya giza. Mpaka leo, delestaji njo politiki tunayoijua.

Hatukatae wazo la kuhamisha matumizi. Laini na transfo ziko na kiasi chake. Kazi yenye inaweza kungoja ikifanywa usiku wa manane, umeme uleule unatosha watu wengi zaidi mangaribi.

Lakini nani ahame? Mama wa Katuba hawezi kupika bukari saa 2 ya usiku. Wakimukatia, anawasha mbabula, ananunua makala. Njo yeye analipa. Kuhamisha ni kupewa saa ingine, yenye inajulikana mbele na yenye bei nafuu. Kukatwa ni kunyimwa tu.

Laini ya Inga-Kolwezi, karibu kilometa 1,700, iliwashwa mu 1982 ili kuletea makampuni ya shaba ya Katanga umeme. Mpaka leo ni wao wateja wakubwa. Tunajua tanuru ya kuyeyusha shaba haizimwe kila mangaribi. Lakini kuko mashini ya kuponda mawe na pompi zenye zinaweza kupumuzika saa ine.

Inchi ya Kenya (ile ya Nairobi, si komini yetu) ilianza mu Desemba 2017: kiwanda chenye kinaongeza kazi usiku, saa 22 mpaka saa 6, kinalipa nusu ya bei kwa ule umeme wa nyongeza. Hawakuanza na sufuria ya mama.

Kwetu, nyumba nyingi hazina konteri. Zinalipa forfe, bei moja kila mwezi. Mutu wa forfe, bei ya usiku itamusaidia nini?

Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme na kuweka mamlaka ya kuisimamia, ARE. Kwa ile sheria, tunaomba:

1. Ratiba ya delestaji itangazwe mbele, kartie kwa kartie, na ifuatwe.
2. Makampuni makubwa yapunguze matumizi saa 18 mpaka saa 22, na raia waone mapatano yao.
3. Konteri kwa kila nyumba, kisha bei ya chini usiku, hata kwa mafundi wa kusudeza na wenye mashini za kusaga mahindi.

Vijana, wiki hii kila mutu aandike saa umeme unaenda na saa unarudi ku avenyu yake. Bila matusi, bila kuongeza. Tutakusanya zote, tuzipeleke kwa mukono yetu. Giza ikihesabiwa, hakuna mutu ataikana.