Ulicheka Wale Sisimizi wa Naivasha? Kuna Mdudu wa Cape Asiyeruka Ambaye Matajiri Wanamsaka

Unakumbuka ile kesi ya sisimizi? Mwaka wa 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa Naivasha na malkia wa sisimizi karibu 5,000, wamepangwa kwa vichupa na pamba. Mei 7, korti ya JKIA ikawapiga faini ya milioni moja kila mmoja, ama miezi 12 ndani. Wengi wetu tulicheka. Yaani mtu anafungiwa sisimizi?

Buda, shuka hadi Afrika Kusini ndio ujue hii biashara si ya jana.

Kule Western Cape, juu kabisa kwa vilele vya milima, kunaishi mbawakawa anaitwa Colophon. Dume ana taya kubwa zimejipinda kama pembe, na mwili mweusi ama wa kahawia unaong'aa. Shida yake ni moja: haruki. Gamba la mgongo limeshikana na mabawa ya ndani yamenywea. Kila safari ni ya mguu.

Sasa skiza vile alifika huko. Zamani sana, hali ya hewa ikiwa baridi, mababu zake walikuwa wametawanyika. Joto likaanza kupanda, nao wakapanda milima kufuata baridi na ukungu. Wakakwama huko. Kila kilele kikawa kama kisiwa, na kila kisiwa kikatoa aina yake. Leo kuna karibu aina 20. Colophon westwoodi ni wa Table Mountain, pale juu ya Cape Town. Colophon primosi, yule wa taya kubwa zaidi, ni wa Swartberg. Ni kama wa Ngong na wa Kilimambogo wasiweze kusalimiana hata siku moja.

Hapo ndipo noma inaanzia. Mdudu anayepatikana mlima mmoja tu duniani ni dhahabu kwa wale wanaokusanya wadudu. Bei ya mmoja imewahi kutajwa kwa maelfu ya dola. Na mwindaji hahitaji bunduki wala gari kubwa. Anapanda kama mtalii, anapindua mawe, anaingiza mfukoni, anashuka. Mawe na udongo anaovuruga ndio nyumba yenyewe, maana mabuu hukulia humo wakila mimea iliyooza. Ukimaliza wa kilele hicho, hakuna wengine watakaoruka kuja kujaza pengo.

Afrika Kusini haijalala. Inawalinda kisheria, na imewaweka Kiambatisho cha III cha mkataba wa CITES, yaani kuwatoa nchini bila kibali ni kosa na nchi zingine zinafaa kusaidia kuzuia. Poa. Lakini kuna mshukiwa mmoja hakuna karao anaweza kumtia pingu: joto. Dunia ikizidi kuchemka, mdudu huyu atapanda wapi na tayari yuko kileleni?

Sisi je? Wale sisimizi wa Naivasha hawamo hata kwenye orodha ya CITES. Kilichowaokoa ni sheria yetu wenyewe ya wanyamapori ya 2013, na maafisa wa KWS walioamua kuangalia vitu vidogo. Tumezoea kuhesabu ndovu na vifaru, na wadudu tunawakanyaga tukienda job. Magendo nayo yameshaona hilo pengo.

Na usisahau, kulikuwa na Mkenya pia aliyehukumiwa kwa magendo ya sisimizi, na faini ilikuwa ileile. Kwa hivyo siku msee atakuja mtaani kwenu na chapaa, akitaka umchimbulie wadudu usiku, jiulize swali moja: kama ni kitu bure, mbona amepanda ndege kukifuata?